Fundi Aliyekanyaga Zulia la Bi Hajrija

Shemeji yangu Refik ana mikono ambayo Mungu aliichonga siku asiyokuwa na haraka. Akiwa na miaka tisa aliifungua redio ya baba yake, akaifunga, ikaanza kushika stesheni ambazo haijawahi kuzishika. Akaenda shule ya ufundi mjini Zenica, akarudi na cheti chenye mihuri mingi kuliko maneno. Halafu, kama vijana wote wa mji wetu wa Travnik wenye akili, na wengi wasio nazo, akaenda Austria.

Mji wa huko uitwao Graz ulimweka miaka kumi na mmoja. Alitengeneza mashine za kufulia, majokofu, majiko, chochote chenye waya au mpira wa maji. Huko ndiko alikompeleka mdogo wangu Sabiha baada ya kumwoa, huko ndiko alikozaliwa binti yao Ilhana. Siku Ilhana alipoongea na bibi yake kwenye simu kwa ile sauti ya adabu ambayo watu humtolea karani wa benki, Sabiha aliketi sakafuni jikoni akalia. Mwaka huohuo walifunga virago wakarudi nyumbani.

Refik akafungua karakana upande wa chini wa barabara ya sokoni. Septemba alipaka rangi kuta, Oktoba akapanga spana kwa ukubwa, kuanzia ndogo kama kijiti cha meno. Kufikia Januari ilikuwa karakana safi kama chumba cha upasuaji, na wagonjwa hakuna.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakumjua Džemal. Džemal ni fundi mwingine wa hapa mjini, tumbo mbele, masharubu juu, kicheko chake unakisikia mtaa wa pili. Akitengeneza kitu kimoja huharibu viwili. Jokofu la mwalimu Nijaz alilitengeneza mara mbili, na mara zote mbili maziwa yalichacha. Mara ya tatu mwalimu Nijaz alimwita nani? Alimwita Džemal.

Mwishoni mwa Februari nilikwenda kwa mdogo wangu kula chakula cha mchana. Sabiha alikuwa ameoka pita, ule mkate wetu wa matabaka, ya viazi, na uso wake ulikuwa umevimba kuliko ile pita.

"Dada, tunarudi Graz," akasema kabla sijakaa. "Mzee Lechner, bosi wake wa kule, kapiga simu. Anamshikia Refik nafasi yake mpaka tarehe mosi Aprili. Baada ya hapo anampa mtu mwingine."

"Na wewe unataka kurudi?"

"Mimi?" Akacheka kile kicheko kisicho na furaha. "Mimi nikirudi kule nitaanza kuongea na mashine za kufulia."

Refik alikuwa anakata pita yake vipande sawasawa, kama anayepima bati. "Shemeji, watu wa hapa hawataki kazi nzuri," akasema. "Wanataka kupiga soga."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimecheza kwetu miezi sita, na nilichotunzwa ni migongo."

Mimi sikusoma sana, darasa la nane na basi, lakini najua kwamba mji mzima haumgeuzii mtu mgongo bila sababu. Mtu akikwepwa na mmoja, huyo mmoja ana lake. Akikwepwa na wote, kuna kitu kilianzia mahali. Nikamwuliza, "Mteja wako wa kwanza alikuwa nani?"

"Bi Hajrija. Mashine ya kufulia, pampu ya maji. Kazi safi, shemeji. Dakika ishirini na mbili."

"Na wa pili?"

Akatafuna. Akameza. "Wa pili hakuwepo."

Hapo nikaacha uma. Bi Hajrija alifundisha darasa la kwanza kwa miaka arobaini. Mkurugenzi yeyote wa Travnik, daktari yeyote, polisi yeyote, alifutwa kamasi na Bi Hajrija. Mji huu haumwogopi meya, unamwogopa yeye.

"Hebu niambie ulivyoingia," nikasema. "Kuanzia mlangoni."

"Nilibonyeza kengele, akafungua. Akasema, 'Usivue viatu, mwanangu, pita tu, nyumba yenyewe chafu.' Nikapita."

"Ukapita."

"Ndiyo."

"Na viatu."

"Si kasema nisivue!"

Sabiha alijifunika uso kwa taulo la jikoni. "Refik," akasema kutokea humo ndani, "yule mama hufagia mpaka ngazi za jirani."

"Sasa kwa nini aseme usivue kama anataka nivue? Kule Graz mteja akisema usivue, ana maana usivue. Anataka uingie, utengeneze, utoke."

"Kule ni kule," nikasema. "Kwetu mwenye nyumba husema usivue, na mgeni huvua. Yeye kafanya adabu yake, wewe unafanya yako. Angekwambia 'vua', ndipo ungekuwa na haki ya kununa. Haya, na kahawa?"

Akaangalia sahani.

"Refik. Kahawa?"

"Alikuwa amekwisha weka birika motoni. Nikamwambia ahsante, sina muda, nina wateja wengine wawili wananisubiri."

"Ulikuwa nao?"

"Sikuwa nao." Masikio yalikuwa yamemwiva. "Lakini, shemeji, kule ukikaa kwa mteja unaonekana unamwibia saa zake. Nilitaka aone kwamba namheshimu."

Basi hapo nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa kuona huruma mezani. Hakuwa mtu asiye na adabu. Alikuwa na adabu, tena nyingi, ila alikuwa amezishona kwa vipimo vya mwili mwingine. Na ufundi wake haukuweza kumsaidia, kwa sababu mteja haoni pampu. Pampu iko ndani, gizani. Mteja anaona soksi.

Kesho yake nilijibebea chupa ya pilipili za siki nikaenda kwa Bi Hajrija, maana mimi kitu nikitaka kukijua naenda kukiuliza. Nilivua viatu, nikakaa, nikanywa, nikamsikiliza habari za kiuno chake kinachouma na za mkwe wake. Kisha nikauliza.

"Zumra, binti yangu," akasema, "kijana ana mikono, hilo silikatai. Lakini aliingia nyumbani kwangu kama mtu anayekatiza stesheni ya treni. Hilo zulia unaloliona alilisuka mama yangu majira ya baridi mawili. Wajerumani wa wakati wa vita walipita mlangoni na buti zao, hawakulikanyaga."

"Na wewe ukamsema mjini."

"Mimi?" Akaweka mkono kifuani. "Simsemi mtu mimi. Niliulizwa tu, kazi ilikuwa nzuri? Nikajibu: kazi ilikuwa nzuri."

Nikafumba macho. Travnik ukisema kazi ilikuwa nzuri, halafu ukanyamaza, umeshamzika mtu na udongo umeshindilia. Kazi nzuri hufuatwa na maneno: kijana wa watu, kamwulizia mjomba wangu, kala biskuti mbili. Kukikosekana mkia huo, wanawake hutazamana, na simu hupigwa kwa Džemal.

Nilirudi nikamwambia shemeji yangu: utakwenda kwa Bi Hajrija Jumamosi, saa nne asubuhi, kama mgeni.

"Nitampigia simu nimwombe samahani."

"Samahani ya simu wape watu wa umeme. Na kwanza, hutaomba samahani. Ukilitaja zulia, na yeye itabidi alitaje, na mkishalitaja mmegombana. Utakwenda, utakaa, utakunywa."

"Ninywe nini, niseme nini?"

"Finjani ya kwanza ni ya kukaribishia. Unauliza afya. Ya pili ni ya kuzungumzia, hapo unamwachia yeye aongee, wewe unatikisa kichwa mahali panapofaa. Ya tatu ni ya kufukuzia. Ukiona anakumiminia bila kukuuliza, maliza, shukuru, inuka."

"Na begi la vifaa?"

"Libaki nyumbani. Ukienda na begi umekwenda kuomba kazi."

"Lakini shemeji, mimi si ndiyo nataka kazi?"

"Ndiyo maana libaki."

Akamtazama mke wake kama mtu anayetafuta mkalimani. Sabiha akampa jozi mpya ya soksi.

Jumamosi tulikwenda pamoja, maana sikumwamini. Alibeba nusu kilo ya kahawa na boksi la sukari ya vipande. Mlango ukafunguliwa, Bi Hajrija akatutazama, macho yake yakashuka moja kwa moja mpaka kwenye buti za Refik.

"Msivue viatu, wanangu, piteni tu."

Nikahesabu moyoni: moja, mbili. Refik aliinama akafungua kamba. Buti zake ni za kazi, zina kamba ndefu kama kamba ya kuanikia nguo, ilimchukua muda, na sisi wanawake wawili tukasimama pale tukiongea habari za theluji mpaka alipomaliza. Kisha akazipanga ubavuni mwa ukuta, pua zikiangalia mlangoni. Hilo la pua mimi sikumwambia.

Tukakaa. Kahawa ikaja kwenye birika la shaba, na finjani tatu, na vipande vya sukari. Na hapo, kutoka bafuni, mashine ya kufulia ikaanza kuzungusha nguo.

Sijui nieleze vipi sauti ile. Fikiria gunia la kokoto linaburuzwa ngazini na mtu mwenye hasira. Nilijua papo hapo: Džemal alikuwa amepita hapa. Refik alibadilika rangi, kama daktari anayesikia mtu anakohoa vibaya chumba cha pili.

"Karibuni," alisema Bi Hajrija, na akapaza sauti kidogo, kana kwamba hapakuwa na kitu. "Baridi ya mwaka huu imezidi."

"Imezidi, bi mkubwa," alisema Refik. "Kiuno kinakusumbua na baridi hii?"

Nilitaka kumbusu. Bi Hajrija akatueleza kiuno, kutoka mfupa hadi mfupa. Mashine ikanyamaza, ikavuta pumzi, ikaanza upya. Finjani ya pili. Glasi kwenye kabati zikaanza kugongana kama watu wanaotakiana heri. Refik alitaka kuinuka, nikambana goti chini ya meza kwa mkono wangu.

"Mama yako ni yule Behija wa Kalibunar?" akauliza Bi Hajrija, sasa akipiga kelele kabisa.

"Ndiye!" akajibu Refik, naye kwa kelele.

"Alikuwa anajua kuoka!"

"Mpaka leo, bi mkubwa!"

"Mwambie nimemsalimu!"

"Inshallah nitamwambia!"

Jirani angesikia angedhani tunagombania shamba. Nami nikawa nasubiri Bi Hajrija aseme neno moja tu, hebu niangalizie mashine. Halikuja. Refik alikaa. Namjua yule mtu, ukimwekea saa mbovu ukutani hawezi kula. Alikaa, akachovya sukari, akauma, akanywa, akamsikiliza yule mwalimu mstaafu mpaka akamaliza habari za mkwe. Kisha Bi Hajrija akainua birika, akatumiminia finjani ya tatu bila kuuliza.

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi. Basi ndiyo hivyo, nikawaza, mwisho wa Machi mdogo wangu anapanda basi. Tukanywa, tukashukuru, tukainuka. Refik akainama mlangoni kufunga zile kamba zake ndefu, na alipofika buti ya pili, Bi Hajrija akasema, akiangalia dirishani, "Hiyo mashine siku hizi ina kelele kidogo."

"Nimeisikia, bi mkubwa."

"Ulikuwa umeisikia?"

"Tangu finjani ya kwanza."

"Na ukanyamaza."

Refik akainua uso. "Leo nilikuja kunywa kahawa," akasema.

Bi Hajrija alimwangalia kwa jicho lile alilokuwa akiwaangalia watoto wa darasa la kwanza siku ya kwanza, kujua nani ni nani. "Jumanne una nafasi?"

"Ninayo."

"Basi Jumanne. Tena uje mapema, nisikulazimishe kahawa ya haraka."

Njiani nilikuwa nataka kuimba, lakini Refik alikuwa anafikiria mashine. "Beringi imekufa, shemeji," akasema. "Na kuna bolti imelegea, au haipo. Mungu wangu, ile sauti."

Ya Jumanne sikuyaona. Nimeyasikia kwa Bi Hajrija mwenyewe, mara saba, kwa hiyo ni kama niliyaona.

Alivua viatu, akanywa finjani mbili, kisha ndipo akaomba ruhusa kuingia bafuni. Akafungua mashine mgongoni. Ndani akakuta aibu: beringi iliyopakwa grisi ya baiskeli, mkanda usio wa mashine ile, na bolti mbili kati ya nne. Nyingine mbili zilikuwa zimelala chini ndani ya mashine, zimesahaulika. Bi Hajrija alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nani kaiharibu hivi?" akauliza.

Mnajua anachofanya fundi hapo. Kila fundi niliyewahi kumwita, jambo la kwanza ni kupiga mluzi na kusema, nani aliyekufanyia huu ushenzi? Hapo hapo anapanda bei na anajipandisha mwenyewe. Na Refik alikuwa na sababu kuliko wote. Kazi zake zote za miezi sita zilikuwa zimekwenda kwa mtu huyu, na ushahidi alikuwa ameushika mkononi. Ingetosha kuuonyesha. Kufikia adhuhuri mji mzima ungejua.

"Beringi imechoka, bi mkubwa," akasema. "Mashine ina miaka kumi na nane. Aliyeishika mwisho aliisukuma ikafika leo."

"Alikuwa Džemal."

"Basi Džemal aliisukuma ikafika leo."

Na zile bolti mbili akazitia mfukoni, polepole, akidhani haonekani. Lakini bafuni kwa Bi Hajrija kuna kioo.

"Miaka arobaini, Zumra," ananiambia kila akisimulia, "miaka arobaini nimeangalia watoto. Najua mmoja anapomchongea mwenzake, na najua mmoja anapomsitiri. Wa kwanza ni kila siku. Wa pili utamwona mara mbili tatu katika maisha."

Hilo la kumsitiri mwenzake sikumfundisha mimi, wala Graz haikumfundisha. Viatu na kahawa mtu anaweza kufundishwa na shemeji yake kwa alasiri moja. Lile alikuwa nalo tayari, ila hakuna aliyewahi kukaa naye muda wa kutosha kuliona.

Mashine ikabaki na sauti ya paka aliyeshiba. Na jioni ile, Bi Hajrija alipoulizwa kazi ilikuwaje, alisema kazi ilikuwa nzuri, halafu hakunyamaza. Alisema kijana wa watu. Alisema mtoto wa Behija wa Kalibunar, mama na mwana ni walewale. Alisema hana haraka, na hana ulimi wa kusema watu. Aliyekuwa akimsikiliza upande wa pili wa simu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani Munira, ambaye sasa ndiye mkuu wa nyumba ya wazee kule juu. Na nyumba ya wazee, kama mnajua wazee, ina mashine nane za kufulia ambazo hazipumziki, na ilikuwa inatafuta fundi wa kudumu.

Refik alikwenda kumwona Munira tarehe kumi na tisa Machi. Alifika saa tatu kamili, si dakika moja zaidi, hiyo ni Graz. Alisalimia wazee waliokuwa wamekaa ukumbini mmoja mmoja kabla ya kuingia ofisini, hiyo ni ya nyumbani. Munira alikuwa anamwona kupitia mlango ulioachwa wazi, na mzee wa mwisho alikuwa mzito wa kusikia, kwa hiyo salamu ile iliingia ofisini kabla yake. Alipotoka alikuwa na mkataba wa miaka miwili.

Refik alimpigia simu Mzee Lechner siku ileile, siku kumi na tatu kabla ya tarehe mosi, ili mzee apate muda wa kutafuta mtu. Sabiha anasema mumewe alisimama wima wakati wote wa simu, kana kwamba mzee yuko chumbani, akamshukuru kwa kila mwaka aliokaa kwake. Lechner alimwambia mlango uko wazi. Kisha wanaume wawili wakazungumzia hali ya hewa.

Sabiha yeye alichukua masanduku yaliyokuwa yamesimama ukumbini tangu Februari akayapandisha darini, mawili kwa mpigo, mwanamke ambaye sokoni hunipa mimi nibebe viazi.

Wiki iliyofuata, nikiwa karakana kumpelekea Refik chakula, Džemal aliingia, tumbo kwanza. Travnik hakuna siri, alikuwa amesikia yote, na habari ya kioo pia.

"Merhaba, fundi," akasema. Alisimama katikati ya ile karakana safi, hajui aweke wapi mikono. "Nimesikia niliisukuma mashine."

"Uliisukuma," alisema Refik.

"Niliisukuma mpaka wapi?"

"Karibu na ukuta, ndugu yangu. Siku mbili zaidi ingetoka barabarani yenyewe."

Džemal akacheka, lakini si kile kicheko cha mtaa wa pili. Akavuta kiti, akaketi, akavua kofia. "Sikiliza. Mimi macho yangu yameisha. Bolti siioni, naipapasa. Mashine za kufulia nikiitwa nitakuletea wewe. Nitasema mimi sina nafasi, nenda kwa Refik, ni mtoto mzuri. Majokofu pia. Lakini pasi niachie. Nikikaa tu nyumbani mke wangu ataniua."

"Pasi ni zako," alisema Refik. "Na majiko madogo."

"Na majiko madogo?"

"Na majiko madogo."

Wakapeana mikono juu ya sahani yangu ya pita. Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo: ukitaka mashine yako ya kufulia ipone, Travnik, utapanga foleni kwa shemeji yangu, maana anakaa kila nyumba finjani mbili na hakimbii. Lakini pasi zetu zote ziko mikononi mwa Džemal, na hakuna mtu mwenye adabu ambaye angethubutu kumpelekea mwingine.